Kujikwaa Ulimi

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii twaifundisha kila mwaka, nasi huwaeleza wanafunzi kwamba neno likitoka halirudi. Lakini darasani ni nani hasa anayejikwaa ulimi: mtoto anayerudia silabi moja mara nne, au mwalimu anayemwita kigugumizi mbele ya wenzake?

Mtu aliyelikabili swali hili maisha yake yote ni Wendell Johnson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1906, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Iowa na kufariki mwaka 1965. Yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, na alitaka kujua chanzo chake. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kigugumizi huanzia sikioni mwa mzazi, wala si kinywani mwa mtoto. Kila mtoto husitasita anapojifunza kusema; mzazi akikuita kusita huko ugonjwa, mtoto huingiwa na hofu, na hofu huzaa ugonjwa wenyewe.

Mwaka 1939 mwanafunzi wake, Mary Tudor, aliipima hoja hiyo kwa watoto 22 katika nyumba ya mayatima mjini Davenport. Watoto 6 waliokuwa wakisema vizuri waliambiwa kwamba wana kigugumizi. Hawakuelezwa kwamba ni jaribio. Matokeo hayakuchapishwa, na habari hizi hazikuenea hadi gazeti lilipozifichua mwaka 2001. Chuo kiliomba radhi. Na mwaka 2007 Jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000 kwa waliokuwa hai na warithi wa waliofariki.

Twamhukumuje mtu huyu? Hapana shaka nia yake ilikuwa njema, kwani alitaka kuwaondolea wengine taabu aliyoijua. Hata hivyo aliyatumia maumivu ya wasio na mzazi wa kuwatetea. Nia njema haimpi mtu ruhusa ya kulipa deni lake kwa mali ya yatima.

Isitoshe, kuhusu chanzo alikosea. Leo yajulikana kwamba kadiri ya watoto 5 kati ya 100 hupitia kipindi cha kigugumizi, na wengi wao hupona. Kwa watu wazima hubaki kama mtu 1 kati ya 100. Kigugumizi huandama koo, na mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dennis Drayna walitambua baadhi ya jeni zinazohusika nacho. Basi mtu aweza kusema: ikiwa jina halizai kigugumizi, jina halina madhara. La! Wale watoto wa Davenport hawakugeuka kuwa na kigugumizi cha kudumu. Walichopoteza ni hamu ya kusema. Wakawa wazito wa kujibu, wenye kuona haya. Jina halikuuharibu ulimi, liliufunga.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Arua na Koboko. Mtoto wa Koboko husema Kikakwa nyumbani, husikia Kinubi na Kiswahili sokoni, na shuleni hudaiwa Kiingereza. Anaposimama kujibu huwa anachagua neno miongoni mwa lugha nne. Kusita kwake huenda kukawa ni kutafuta tu, wala si kigugumizi. Nakiri kwamba nami, kwa haraka ya kumaliza somo, nilikuwa nikimmalizia maneno mvulana mmoja, nikidhani namsaidia. Baada ya miezi michache aliacha kunyosha mkono. Sijui hata leo kama alikuwa na kigugumizi. Najua kwamba sikumngoja nijue.

Je, basi tunyamaze, tusilitaje jina kamwe? Hapana. Kuficha nako ni kumnyima mtoto msaada, na msaada upo, ingawa u mbali: Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha utabibu wa usemi mwaka 2008. Jina litajwe faraghani, kwa mzazi na kwa mtoto mwenyewe, ili liwe mlango wa tiba. Likitajwa hadharani huwa ni muhuri wa kumtia alama.

Lugha yetu yenyewe yatupa mwongozo. Kipofu, kiziwi na kiwete tumewaweka katika ngeli ya vitu. Lakini twasema kipofu amekuja, wala hatusemi kimekuja. Jina linapomshusha mtu, upatanisho humrudishia utu wake. Mwalimu asipungukiwe na adabu ambayo sarufi inayo.

Walimu wenzangu, mtoto anaposita, tumtazame usoni na tumngoje amalize mwenyewe. Yeye amekwaa silabi, na silabi itapita. Tukimkatiza kwa kicheko au kwa jina, sisi ndio tuliojikwaa ulimi.