TELEFONE NA CHUO CHA QUR'ANI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, baba na mama, wazazi kadhaa wamekwisha kuondoa watoto wao chuoni. Wanatuambia: «Maalimu, Qur'ani nzima iko ndani ya telefone, tena inasomwa na kari wa Misri. Tulipie nini?» Neno hilo lapasa kujibiwa kwa elimu, si kwa hasira.

Kusikiliza Qur'ani katika chombo si haramu wala si jambo jipya. Sheikh Mahmud Khalil al-Husary alirekodi Qur'ani nzima huko Misri mwaka 1961. Tukamsikia redioni, tukamsikia katika kaseti, na leo yuko katika telefone. Mwezi wa 3 mwaka 2020, shule na misikiti ya inchi yetu ilipofungwa kwa sababu ya korona, mtoto mwenye chombo hicho aliweza kurudilia sura zake nyumbani. Maalimu anayekikataza kabisa anapoteza faida. Husary atasoma aya moja mara 20 bila kuchoka. Sisi wenye watoto 40 mbele yetu hatuwezi.

Lakini angalieni herufi mbili tu, qaf na kaf. Qalb kwa qaf ni moyo. Kalb kwa kaf ni mbwa. Mtoto husikia qaf safi katika telefone, hutamka kaf, naye anaamini kwamba amefuata, kwa sababu sikio lake limelelewa na lugha zetu zisizo na qaf. Maalimu humtazama mdomo, humwambia: shina la ulimi, rudisha nyuma, sema tena. Leo ziko pia programu zinazomsikiliza msomaji na kumwonyesha neno aliloruka. Ni nzuri kwa mwenye kuhifadhi. Ila kuruka neno ni jambo moja, na ulimi uliokaa pabaya ni jambo lingine. (Na mwenye kuzitumia kwa intaneti ahesabu mega za mwezi mzima, kisha alinganishe na ada ya chuo.)

Qur'ani ilifundishwa kwa kusikilizana. Jibril alimjia Mtume, s.a.w., kila Ramadhani wakisomeana, na mwaka wa mwisho mara 2. Sayyidna Uthman alipotuma misahafu mijini, alituma na wasomaji wa kuifundisha. Maandishi yalikuwa sahihi kabisa, na bado hayakuachwa yasafiri peke yake.

Basi kuanzia Jumamosi, mzazi anayeweza ampe mtoto telefone yenye sauti ya kari iliyokwisha kuwekwa ndani. Itakaa mikononi mwa maalimu. Watoto watasikiliza pamoja, kisha kila mmoja atasoma mbele yake, mdomo kwa sikio.

Tena tunajua kwamba wengine husema «telefone» na maana yao ni franga. Hakuna aibu. Mzazi wa namna hiyo aje kuonana nasi baada ya sala ya alasiri, bila mashahidi. Mtoto wake atasoma, na jina lake halitatajwa.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.