Mnapamba Jeneza, Mgonjwa Mlimwacha Alie

Ole wenu mnaokodi maturubai ya msiba kabla hamjamtafutia mgonjwa dawa ya maumivu!

Mtu analia chumba cha uani usiku kucha, saratani imefika kwenye mifupa, nanyi mnampa panadoli na kumwambia ajikaze. Akikata roho, siku hiyohiyo kamati inakaa, daftari la michango linazunguka, sare zinashonwa, ng'ombe anachinjwa. Fedha hizo zilikuwa wapi juzi? Tena mlimficha ugonjwa wake, mkamwambia ni vidonda vya tumbo. Alijua. Mlimnyima tu wa kuzungumza naye.

Nanyi wenye makoti meupe mnaosema, "Mrudisheni nyumbani, hakuna tena la kufanya." Lipo! Kuna kutuliza maumivu, kuzuia kutapika, kusafisha kidonda kinachonuka, kumweleza ukweli kwa upole, kumfundisha anayemuuguza namna ya kumgeuza kitandani. Hiyo ndiyo tiba shufaa. Mnaogopa morfini, dawa ya maumivu makali, itamfanya teja mtu aliyebakiza wiki tatu! Teja wa nini, na wa lini?

Msiseme ni anasa ya Ulaya. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na morfini ya kunywa ikatengenezwa hapohapo kwa unga wa morfini na maji, kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa morfini, maana kijijini daktari haonekani. Uganda imetuzidi utajiri gani?

Wenye kugawa bajeti, ninyi ndio wa kwanza kulaumiwa. Morfini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1977. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi wanachama, nasi tukiwemo, ziingize tiba shufaa katika huduma zao za afya, hadi ngazi ya msingi. Lakini jengo lina utepe wa kukata mbele ya kamera. Chupa ya morfini haina. Kwa hiyo mmejenga.

Wananchi, akija mgombea kuomba kura, msimuulize habari ya jengo. Muulizeni kama kituo chenu cha afya kina morfini leo, na ni nani aliyeruhusiwa kuitoa. Akibabaika, mnyimeni.