Siri ya Mwanafunzi ni Amana ya Nani?

Ndugu msomaji, wahenga walisema: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Dini yetu nayo imemwekea mwosha sharti: aibu aliyoiona kwenye mwili wa nduguye aisitiri. Ikiwa maiti, ambaye haoni tena haya, ana haki ya kusitiriwa kiasi hicho, je, mwanafunzi aliye hai anayekaa mbele ya mwanasaikolojia wa shule na kuufungua moyo wake ana haki gani?

Kwetu Gisenyi swali hili si la vitabuni. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo, nyumba za mji wetu zikapasuka, na jirani zetu wa Goma wakavuka mpaka kutafuta hifadhi. Mapema Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, na mto Sebeya ukasomba makazi hapa Rubavu. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, makombora na risasi vilivuka mpaka vikaua raia upande wetu. Nyuma ya yote hayo upo mwaka 1994. Wengi wetu tulizaliwa baada yake, lakini tumelelewa na walioyaona kwa macho. Kinyarwanda kina neno la jeraha hilo: ihahamuka.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, na miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari ni zaidi ya nusu. Zaidi ya sita katika kila kumi walijua kuwa huduma ipo. Waliowahi kuitumia hawakuzidi sana asilimia 5. Kwa hiyo mlango watu wanauona, ila hawaingii.

Hofu mbili huwazuia. Ya kwanza ni kuambiwa kwamba imani yao ni haba. Hii ina jibu jepesi. Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia Yusuf hadi macho yakapofuka, na hakuna Mwislamu anayethubutu kusema alikosa tawakkul. Mwaka 1095 Imamu Ghazali, mwalimu mkubwa wa Baghdad, ulimi ulimkwama asiweze kufundisha, na matabibu wakaona kuwa chanzo kiko moyoni. Kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akiihesabu huzuni na hofu kuwa mambo yanayohitaji tiba kama homa inavyoihitaji.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu mara nyingine ina haki: hofu kwamba neno litatoka. Mji wetu ni mdogo. Kutoka bariyeri ndogo hadi sokoni watu wanajuana kwa majina ya wazazi wao. Mwanasaikolojia wa shule analipwa na shule. Mkuu wa shule anataka kujua. Mzazi anayelipa ada anataka kujua. Hata sisi wa jumuiya tunataka kujua, eti tupate kumwombea dua.

Tuzipime hoja zao kwa uadilifu. Shule husema, aliye chini ya paa langu ni jukumu langu. Ni kweli, lakini jukumu la kumlinda mtu halimpi mlinzi umiliki wa maneno yake. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mtu akizungumza kisha akageuka kutazama huku na huku, mazungumzo hayo yamekuwa amana. Hakusharutisha kiapo, wala mtu aseme "usimwambie yeyote". Kule kugeuka kunatosha. Na amana ni ya aliyeiweka. Si ya aliyeishika, wala ya mwajiri wake. Mzazi naye ana haki ya wema na utii, lakini mwanafunzi wa chuo ni baleghe, ataulizwa mwenyewe siku ya Hesabu. Anayebeba hesabu ya matendo yake anastahili kushika funguo za siri yake. Mdogo wa sekondari, mzazi ana sehemu kubwa zaidi, hasa katika matibabu, ila sehemu hiyo nayo haifiki kwenye kila neno.

Je, basi mwanasaikolojia anyamaze daima kama mwosha? Hapana. Maiti hapati tena madhara, ndiyo maana mwosha hana dharura ya kusema. Aliye hai anaweza kufa kesho, au kumuua mwenzake. Mwaka 1969 huko Berkeley, Marekani, msichana Tatiana Tarasoff aliuawa na kijana aliyekuwa amemweleza mtaalamu wake nia hiyo. Polisi waliarifiwa, lakini Tatiana na wazazi wake hawakuonywa. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba usiri unakoma pale hatari kwa umma inapoanza. Wanazuoni wetu walikwisha kukaribia hapo. Imamu Nawawi, alipoorodhesha hali ambazo kumsema mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, alitaja kuwaonya Waislamu wasidhurike.

Lakini ruhusa ya dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura. Aambiwe yule tu anayeweza kuzuia madhara, aambiwe kiasi kinachotosha kuyazuia, na mwanafunzi aelezwe mpaka huo tangu kikao cha kwanza, kabla hajafungua kinywa. Atasema mtu: na mtaalamu akikosea kupima hatari? Atakosea siku moja, ni binadamu. Akikosea kwa kuokoa uhai, uhusiano uliovunjika unaweza kujengwa upya, lakini kaburi halirudishi mtu.

Tahadhari kubwa ni tusiite kila kitu hatari. Mwanafunzi anayesema ameacha kuswali, ana mchumba wa siri, au ana shaka zinazomsumbua katika imani, hajamtishia mtu uhai. Mwanasaikolojia si muhtasibu, na ofisi yake si baraza la nidhamu. Akigeuza maungamo kuwa ripoti, hata kwa nia njema, atakuwa ameifunua sitara ambayo Mola mwenyewe ameiacha.

Nasi tuna sehemu yetu. Ukimwona mwenzako akitoka katika mlango ule, usimuulize alifuata nini. Mpe salamu, tembea naye mpaka darasani, zungumzeni mambo ya mtihani. Akitaka kukwambia, atakwambia; na akitazama huku na huku kabla ya kusema, jua kwamba amana imekufikia wewe.

Wallahu aalam.