Mti wa Landlodi, Kelele za Nani?

Nilipohamia Mwembe, hapa Kisii mjini, kwenye ploti kulikuwa na mti mkubwa uliojaa viota vya mnana, wale ndege wa njano wenye vichwa vyeusi. Mimi huandika kazi za mtandaoni usiku kucha na kulala alfajiri. Mnana nao huamka saa kumi na mbili. Kelele yao, wacha tu! Tena walikuwa wanachafua nguo kwenye kamba. Siku landlodi alipouliza kwenye grupu la wapangaji kama aukate, mimi ndiye niliyejibu wa kwanza: "Kata tu."

Akaukata. Sasa pale ni kabro na pikipiki mbili.

Baadaye nikasoma kwamba dume la mnana huchana majani kuwa nyuzi, hufuma kiota, kisha huning'inia chini yake akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Jike akikataa, anakibomoa na kuanza upya. Nilicheka, maana mimi pia niliacha chuo nikaanza upya. Halafu kicheko kikanikauka. Jike angalau hukagua kwanza.

Lakini nilimkosea nani? Mti ulikuwa wa landlodi, karatasi za ploti anazo. Hakuna mnana aliyewahi kulipa rent. Nikisema nimekosea kwa sababu nimewakumbuka asubuhi, bado najizungumzia mimi, kana kwamba waliwekwa pale wanifurahishe. Wao walikuwa na shughuli zao. Hata hawakujua kama nipo.

Marafiki huniambia Gusii yote ni kijani, ndege watahamia shambani. Shamba gani? Kwa nyanya yangu Nyamira, majani chai yamefika mlangoni, na bondeni ni mikaratusi mpaka mtoni. Kijani, kweli. Lakini mkaratusi unaokatwa mchanga ili uwe nguzo hauna tawi bovu la kigogota kutoboa, wala matunda kama ya mkuyu. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Haisemi miti gani. Nyanya simlaumu. Shamba limegawanywa hadi limebaki kipande, na mikaratusi hiyo ndiyo iliyonilipia karo mpaka hela zikaisha.

Kwa hivyo mji hauwezi kuwasukumia mashamba ndege wake. Mwewe wa soko la Daraja Mbili watatoboa, wamezoea mabaki yetu. Wengine wanategemea mti mmoja mmoja nyuma ya kanisa, shule au choo cha ploti. Nairobi, mwaka wa 2020, mkuyu wa Waiyaki Way uliponea barabara mpya kwa amri ya rais. Wetu ungeponea "hapana" moja kwenye WhatsApp.

Juzi landlodi ameuliza kuhusu mwavokado ulio nyuma ya vyoo. Wawili wameshajibu "kata". Nimeandika: "Tafadhali usikate, mzee." Tiki ni za bluu. Hajajibu.