Bahari Ile Ina Wenyewe

Wanangu, kila mwaka baadhi yenu huondoka hapa Mbumbuni kwenda kusomea umeme, uhandisi na upimaji wa ardhi, na wengine mtaishia kupata kazi Pwani. Kabla hamjapewa ramani ya kwanza kuchora, nawaomba mjue kwamba bahari ile ina wenyewe.

Mtu wa bara akisimama ufuoni huona maji matupu hadi upeo wa macho. Akiambiwa huko mbele kuna upepo mzuri, hudhani amepata mahali pa kusimika mitambo ya umeme bila kumhamisha mtu yeyote. Hadi leo hapa Kenya hatujaisimika baharini. Lakini Loiyangalani, kule Marsabit, inazunguka mitambo 365, na siku mpango wa kwenda baharini utakapokuja, ninyi ndio mtakaotumwa kupima.

Msimu wa kaskazi bahari hutulia, na mvuvi huvuka mwamba wa matumbawe akaenda kina kirefu. Kusi ikianza kuvuma, yapata Aprili, mawimbi hupanda, na wenye mitumbwi na ngalawa hubaki ndani ya mwamba kwa miezi. Ukanda huo mwembamba ndio unaowalisha watoto wao wakati huo. Na hapo hapo ndipo waya wa umeme kutoka baharini utakapopita ili ufike nchi kavu. Mpimaji akienda Januari asikute vyombo vingi ndani ya mwamba, ataandika kwamba mahali hapatumiki. Atakuwa ameandika alichokiona kwa macho yake, na bado atakuwa amewanyang'anya watu riziki.

Lamu tumeshayaona haya. Bandari ilipojengwa, wavuvi walipoteza maeneo yao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ni haki yao. Lakini hukumu ilikuja bahari ikiwa imeshachimbwa.

Kesi ya makaa ya mawe ilikwenda vingine, na ndiyo ninayotaka muisome kwa makini. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga kituo cha umeme cha megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. Makaa yangeanza kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, kisha yachimbwe katika bonde la Mui, hapo Kitui kwa jirani zetu. Moshi ungekuwa wa Lamu, mashimo yangekuwa ya Ukambani. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ambayo mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imeitoa mwaka 2016, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, tena ya kutosha. Ila ilikuwa ya kujitambulisha tu, kabla ya utafiti wa athari kufanywa. Watu wangetoa maoni gani juu ya ripoti ambayo haijaandikwa?

Kwa hiyo msikubali kuwa wale wanaozungusha karatasi ya mahudhurio, wakagawa soda, kisha wakaenda kuziita zile sahihi kibali. Mtu ametia sahihi kwamba alikuwapo. Ripoti yenyewe apewe mapema, kwa lugha anayoisoma, naye apate muda wa kukaa nayo. Ibara ya 35 ya Katiba inampa haki ya kuiona.

Kazi hii si ngeni kwenu. Mmekulia Makueni, ambako tangu enzi za gavana Kivutha Kibwana vikao vya bajeti huanzia kijijini kisha hupanda hadi wadi na kaunti, na kamati ya wananchi hutia sahihi kukubali kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Mmewaona mama zenu wakikataa kutia sahihi hiyo. Kwa nini mvuvi wa Kiunga au Gazi, kule Pwani, astahili pungufu ya hapo? Na msiniambie bahari iko mbali. Maji ya Thwake huingia Athi, Athi ikawa Galana, kisha Sabaki, na udongo wa mashamba yetu yasiyo na matuta huenda kuchafua bahari ya Malindi. Tuna deni kule.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Mbele ya jiji la Copenhagen, Denmark, mwaka 2000 ilisimikwa mitambo 20 ya upepo baharini, Middelgrunden, na nusu ya mradi ilikuwa mali ya chama cha ushirika chenye wanachama zaidi ya 8,000. Sisi tunaojua sacco tunalielewa hilo bila kufundishwa. Mkiwa ndani ya chumba cha mipango, ulizeni mbona mvuvi ametengewa fidia tu na hakutengewa hisa.

Mkifika kijijini, mtafuteni mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU), lakini msiishie kwake. Wanawake wanaochokoa pweza mwambani wakati wa bamvua mara nyingi hawamo katika orodha ya wenye vyombo, na bahari wanayoifahamu wao ndiyo ile ile ambamo waya utapita. Pangeni kuonana nao siku za maji mafu, wasipokwenda mwambani, na ramani mtakayowatandikia iwe bado ya penseli.