Kata iliyobeba siri ya mtungi

Mama na binti wanagombana nyumbani. Binti, Abigail, hataki kwenda chuo kikuu. Mama yake, Madeline, hataki hata kulisikia jambo hilo. Maneno yanapanda, na katikati ya hasira binti anatamka lile lililofichwa: kwamba mama yake aliwahi kutoka nje ya ndoa na mwongozaji wa michezo ya jukwaani. Ed, mume wa Madeline, yupo karibu. Amesikia.

Hiyo ni tamthilia ya Big Little Lies, msimu wa pili, iliyoonyeshwa na HBO mwaka 2019. Wengi waliifuatilia kwa ajili ya kifo ambacho wanawake watano walikubaliana kuficha ukweli wake. Mimi niliifuatilia kwa ajili ya nyumba hii moja. Madeline, anayeigizwa na Reese Witherspoon, yumo katika ndoa yake ya pili. Mume wa kwanza, Nathan, alimwacha Abigail akiwa mchanga, kisha akaoa mwanamke mwingine, na sasa wote wanaishi mji mmoja, Monterey, kule California. Watoto wao wadogo wanasoma shule moja. Ed ndiye aliyemlea Abigail, na yeye na Madeline wamepata binti wao, Chloe. Ni mwanamume mtulivu anayejua kusubiri, lakini moyoni anahisi kwamba hata chini ya paa lake mwenyewe yeye ni wa pili baada ya Nathan.

Riwaya iliyozaa tamthilia hiyo, ya Liane Moriarty, ilitoka mwaka 2014, na mambo yake yanatokea Australia. Humo Madeline hana hawara. Walioitengeneza tamthilia ndio waliomwongezea siri hiyo. Mwanzoni nilidhani ni chumvi tu ya kuwavuta watazamaji. Siku hizi naona waligusa jambo la kweli kuhusu watu walioingia katika ndoa ya pili, na jambo lenyewe halimo katika ule uzinzi. Limo katika mtu aliyekuwa akiujua.

Abigail aliambiwa na mama yake. Katika msimu wa kwanza, wa mwaka 2017, binti huyo alipanga kuunadi ubikira wake mtandaoni, akiamini atawasaidia wasichana wanaouzwa utumwani. Madeline alihangaika, akakosa neno la kumzuia. Mwishowe akampa siri yake mwenyewe: hata mimi nimekosa, mwanangu. Binti akauacha mpango ule. Mama alidhani amemwokoa mtoto, na kwa kweli alimwokoa. Lakini kuanzia siku ile Abigail alikuwa akikaa na baba aliyemlea huku akijua jambo ambalo baba huyo halijui.

Wazee wetu wa pwani husema siri ya mtungi aijuaye kata. Nimeusikia msemo huo tangu utoto, nikadhani unazungumzia mke na mume tu, kwamba ya ndani wanayajua wa ndani. Nilipoolewa mara ya pili, hapa Tanga, ndipo nilipoiona kata ni nani. Ni mtoto. Ndiye aliyekuwamo katika nyumba ya kwanza, na ndiye anayeingia nawe katika ya pili. Anawajua watu wa kule na anakula na watu wa huku. Huna namna ya kuficha lolote la kale bila yeye kulijua, kwa hiyo unamwomba akusaidie kuficha.

Mimi nilifanya hivyo. Niliachika mwanangu wa kiume akiwa na miaka mitatu. Baba yake alihama mkoa, akatoweka kabisa. Aliyebaki alikuwa bibi yake, mama wa mtalaka wangu, mzee wa kijijini upande wa Muheza. Huyo mama alinishikia mtoto miaka miwili nikitafuta riziki. Hakuniuliza mimi na mwanawe tumeachana kwa kosa la nani. Nilipoolewa tena niliendelea kumtumia shilingi 30,000 kila mwezi kwa simu. Mume wangu sikumwambia. Mwanangu, aliyekuwa na miaka tisa, ndiye aliyekuwa akipokea salamu za bibi na kuniletea. Nikamwambia, "Haya ya bibi, baba usimwambie."

Sikuwa naiba. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kuwa na mali yake, na ile ilikuwa jasho langu. Tena nilipoolewa mara ya kwanza kungwi alinifundisha kwamba mwanamke hakosi chake kibindoni. Fundisho hilo silikatai hata leo, kwa sababu limewaokoa wanawake wengi walioamka asubuhi wakakuta mume kaondoka. Ila ndoa ya pili haina kungwi. Inafungwa kimya, watu wachache, pilau kidogo, na kila mtu anadhani wewe mtu mzima unajua. Hakuna anayekuketisha akakuambia kwamba mwanamume huyu mpya hajui ni lipi kati ya uliyobeba ni akiba yako na lipi ni mlango uliouacha wazi upate kurudi ulikotoka.

Niliogopa hilo hasa. Niliogopa akijua namtunza mama wa mtalaka wangu, atadhani moyo wangu bado uko kule. Mtu aliyeachika mara moja huishi akiisikilizia hatua ya mlangoni. Nilinyamaza nikijiambia kwamba nailinda ndoa.

Yaliyokuwa yakimpata mwanangu sikuyaona. Zamani alikuwa akitoka na baba yake wa kambo jioni kwenda kutazama mpira, akirudi amepanda mabegani. Polepole akaacha. Akiitwa, anasema ana kazi ya shule. Akikaa mezani, anakula upesi na kuondoka. Nikasema moyoni, ndivyo walivyo watoto wa kambo, damu haidanganyi. Nilimsingizia mtoto na nikamsingizia mume wangu, na hata jirani nilimwambia kwamba hawa wawili hawaivi.

Usiku mmoja tulikuwa tunakula. Simu yangu ilikuwa mezani. Ujumbe ukaingia, kioo kikawaka, na mwanangu akaruka kutoka kwenye kiti akaifunika simu kwa kiganja chake, kidole kimoja bado kina mchuzi. Mume wangu hakuitazama simu. Alimtazama mtoto.

"Kuna nini, baba?" alimwuliza, kwa sauti ya chini.

Mtoto akalia kwa kwikwi, kilio cha mtu aliyebeba kitu kizito kwa muda mrefu. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mtandao wa simu, tangazo tu.

Nilieleza yote usiku ule. Kuhusu fedha mume wangu hakusema kitu. Alisema neno moja, na nililiona tena kwenye uso wa Ed nilipokuja kuitazama tamthilia ile: "Mama watoto, kwa hiyo hata mtoto anajua." Kisha akatoka kibarazani akakaa huko mpaka usiku wa manane. Majuma mawili tuliishi kwa salamu tu.

Nimelifikiria sana neno lile. Mwanamume anayeingia katika nyumba yenye mtoto wa mtu mwingine huwa anaomba kupokewa kila siku, hata kama hasemi. Anampeleka mtoto shule, anamnunulia daftari, anasubiri aitwe baba bila kulazimisha. Siku anapogundua kwamba mama na mtoto walikuwa na lao wakati wote, hahesabu tena shilingi wala hawara. Anaona kwamba nyumba ilikuwa na chumba ambacho mtoto ana ufunguo wake na yeye hana.

Kwetu pwani tunaithamini stara, na nadhani baadhi ya wasomaji watanikumbusha kwamba si kila jambo husemwa. Ni kweli. Siwezi kumsimulia mume wangu kila aibu ya mtalaka wangu, kwa maana huyo ni baba wa mwanangu na ana haki ya kusitiriwa. Siwezi kumhesabia kila chozi nililolia kabla hatujajuana. Hayo ninayabeba mwenyewe. Lakini pale ninapohitaji mdomo wa mtoto ufungwe ili jambo langu lisimame, hiyo si stara tena. Hiyo ni kazi nimempa mtoto, na mshahara wake anaulipa yeye.

Mwisho wa msimu wa pili wa tamthilia ile, Ed na Madeline wanarudia ahadi zao za ndoa. Watazamaji wengi walifurahi. Mimi nilifurahi nusu, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa Abigail. Nilitamani tamthilia ikae naye zaidi. Msichana aliyepewa neno kama dawa, akalitunza, likamponyoka kwa hasira, akaliona likimchoma mtu aliyemlea: huyo naye alihitaji mtu wa kumwomba radhi.

Mwanangu nilimwomba radhi. Nilimketisha kitandani kwake nikamwambia kwamba lile nililomwambia alifiche nimelisema mwenyewe, halimhusu tena, na hakukosea lolote. Aliniuliza kama baba atamchukia. Nikamwita mume wangu, akaja kumjibu mwenyewe. Mpira hawakurudi kutazama pamoja siku ile wala juma lile. Ilichukua miezi.

Kwa hiyo nakuomba, mama mwenzangu, nawe baba uliyeoa tena: kama kuna neno ulimpa mwanao alinyamazie mbele ya mwenzio, liwe la fedha, la simu, au la mtu mnayekutana naye njiani, usingoje limponyoke mezani. Nenda kwa mwenzio ukalitamke wewe, kisha rudi kwa mtoto umwambie umelichukua.