Kuvizia si Kushtukiza

Mjukuu wangu, nimekusikia ukisoma habari redioni. Sauti unayo, na hukimbii maneno kama wenzako. Lakini wiki hii kila aliyepigwa katika taarifa yako amepigwa "kwa kushtukiza": dereva wa lori aliyetekwa porini, mwenye duka aliyevunjiwa mlango usiku, hata askari waliomiminiwa risasi. Hao hawakupatwa na jambo moja.

Kushtukiza ni habari ya aliyepigwa. Hakutazamia, akashtuka, basi. Ndiyo maana mkuu wa wilaya akiingia hospitalini bila taarifa tunasema amefanya ziara ya kushtukiza, na wala hakujificha popote. Kashuka garini mchana kweupe. Kuvizia ni habari ya mpigaji. Yeye amefika kabla yako, amejibanza, anakungoja upite. Ndege za Japani zilizoshambulia Pearl Harbor asubuhi ya Jumapili, Desemba 7, 1941, zilishtukiza. Ziliruka kutoka melini zikawafuata Wamarekani bandarini kwao, kwa hiyo usiniambie ziliwavizia.

Ukitaka kuvizia kwenyewe, nenda Lugalo, huko Iringa. Agosti 17, 1891, kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa njiani kwenda kumkabili Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na nyuma yake aliacha vijiji vimeungua. Jeshi lake lilikwenda kwa mstari mrefu katika njia nyembamba, silaha kubwa zikiwa mzigo wa punda. Wahehe walikwishajificha kando ya njia, mikuki mikononi. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alimpiga ndege risasi, na waliojificha wakadhani mlio ule ndiyo ishara yao. Wakainuka. Zelewski aliuawa, pamoja na Wazungu wenzake kadhaa na mamia ya askari na wapagazi.

Ukisema Wahehe walishtukiza, hujadanganya, ila umewapunja. Umetaja mshtuko wa Nyundo ukaacha kazi yao: kuijua njia atakayopita, kuchagua mahali, kunyamaza mpaka mstari wote uingie. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani walirudi na mizinga wakaibomoa ngome ya Mkwawa huko Kalenga. Hapo hapakuwa na kuvizia wala kushtukiza. Walikuja wakionekana, wakavamia, wakateka.

Zamani tulikuwa na kuotea pia, nalo lilifaa sana kwa mwindaji. Siku hizi watangazaji wa mpira wamelichukua. Ukisema leo askari wameotea, vijana watamtafuta mshika kibendera.

Sasa sikiliza jambo linalokuhusu wewe mwenye kipaza sauti. Neno kuvizia lina tuhuma ndani yake. Ukitangaza kwamba gari la mishahara limeviziwa, umeshasema kuna mtu aliyejua litapita wapi na saa ngapi, na kila msikilizaji ataanza kujiuliza nani kamwambia. Huenda ni kweli. Huenda pia majambazi walikutana nalo tu wakalirukia, na wewe umemtia mashakani karani asiye na hatia. Kwa hiyo usilitamke mpaka umepata dalili za kungoja: nyasi zilizolaliwa, vipisi vya sigara, gogo lililokatwa likawekwa kwenye kona. Kama hakuna, sema wameshambuliwa, neno lisilomgusa mtu. Na usiogope kwamba litaonekana jepesi. Damu haihitaji kuongezewa chumvi.

Yule dereva wa lori, kwa maelezo yako mwenyewe, alikuta mawe yamepangwa barabarani na watu wakatoka mtaroni. Aliviziwa. Mwenye duka alivamiwa. Hao askari sijui, maana hukusema walipigwa wakiwa kambini wamelala au wakiwa doria, na risasi zilitoka upande gani. Mpigie simu mwandishi wako wa huko umuulize kabla ya taarifa ya saa mbili.